Altezza ya milioni 6.8 au Celica ya milioni 5.2?

SWALI

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dodoma, nimepanga chumba Ng'ong'ona. Tangu nikiwa kidato cha pili natamani gari la spoti. Nimedunduliza miaka miwili. Jioni natengeneza simu, na msimu uliopita baba alinipa nusu eka ya zabibu kule Mpunguzi, nikaihudumia na kuuza mavuno mwenyewe. Sasa nina milioni 7 kamili.

Nimeona magari mawili. La kwanza ni Altezza ya rangi ya fedha, namba C, pistoni sita, otomatiki. Imeshushwa, ina rimu za inchi 18, ekzosi kubwa, na kwenye boneti imefungwa ile filta ya koni. Dalali anataka milioni 6.8 na anasema kuna watu watatu wanaisubiri. La pili ni Celica nyekundu iliyopauka, nayo namba C, gia za mkono, haijaongezwa kitu chochote. Mwenyewe ni mwalimu wa Area D, anataka milioni 5.2. Moyo wangu uko kwenye Altezza, na wenzangu chuoni wanasema Celica ni gari la kike. Kula na kodi ya chumba nategemea boom, fedha za mkopo wa chuo. Naomba unishauri kama mwanao.

JIBU

Marahaba mwanangu. Hongera kwanza. Milioni 7 za kufungua simu usiku na kupulizia zabibu dawa ni jasho, na ndiyo maana nitakujibu kwa urefu. Wako watakaokwambia mwanafunzi hana haja ya gari, anunue kiwanja. Mimi sikwambii hivyo. Nilipokuwa VETA nilikuwa msichana peke yangu kwenye karakana, na kilichonipeleka pale ni mlio wa gari la jirani yetu lililokuwa likipita asubuhi. Ninajua kupenda gari kukoje.

Altezza hiyo usiinunue. Si kwa sababu Altezza ni mbaya. Ni gari zuri sana, limetengenezwa kati ya 1998 na 2005, linasukumwa na matairi ya nyuma, na usukani wake ni wa kweli. Tatizo langu ni kwamba ukishalipa 6.8 mkononi unabaki na laki 2, na gari la miaka zaidi ya 20 halimsubiri mtu apate fedha ndipo liharibike.

Nimeyapitia. Mwaka 2011 nilinunua Altezza ya pistoni nne, ile yenye injini ya 3S-GE. Nilitoa kila nilichokuwa nacho, nikabaki na elfu 40. Aliyeniuzia aliniambia mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu, umebadilishwa "juzi juzi". Mimi fundi, niliyekuwa nikiwafungulia wateja kava la mkanda kila wiki, sikulifungua la kwangu, maana nilishalipenda. Wiki ya tatu, natoka Morogoro, nimeshaipita Gairo naitafuta Kibaigwa, injini ikazima ghafla kama mtu aliyekatwa kauli. Mkanda umekatika, na kwenye injini ile mkanda ukikatika pistoni hupanda zikakutana na valvu zilizoachwa wazi. Valvu zote zilipinda. Kulivuta hadi Dodoma peke yake kulinimaliza. Gari lilikaa chini ya mwarobaini miezi kumi na moja nikiliangalia kila asubuhi, mwisho nikaliuza nusu ya bei. Mkanda wenyewe, kama ningebakiza fedha ya kuubadilisha siku ile ya kwanza, ulikuwa kitu cha mchana mmoja.

Hiyo ya pistoni sita, injini yake inaitwa 1G-FE, na yenyewe inatumia mkanda. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000, na kwa gari la mkononi ambalo kilometa za dashibodi huwezi kuziamini, unabadilisha siku unayolinunua. Pamoja na mkanda unaweka tenshena inayoukaza, sili na pampu ya maji, kwa sababu hutaki kulifungua tena baada ya miezi miwili. Laki 2 zako zimekwisha, na bado hujahamisha umiliki, hujakata bima wala hujaweka mafuta.

Tuje kwenye mafuta, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanaoniletea magari hukwama. Altezza ya pistoni sita otomatiki kwa mizunguko ya mjini, na hii miinuko ya kupanda chuoni, mimi huihesabia kilometa 8 kwa lita. Tuseme unatembea kilometa 30 kwa siku: chuo, mjini, kurudi, na kumpeleka rafiki Nanenane kupanda basi. Hizo ni lita 3.75. Petroli tuiweke 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, ingawa huku kwetu huwa juu kidogo kuliko Dar es Salaam kwa ajili ya usafirishaji. Inakuwa shilingi 11,250 kwa siku. Boom la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku. Gari litakuwa limekula kabla yako, na limekushinda.

Sasa hayo mapambo uliyoyataja kama sifa. Filta ya koni, mwanangu, hapa Dodoma ni adui. Filta ya kiwandani imefungwa ndani ya boksi lake na inavuta hewa kupitia mrija, mbali na vumbi linalotimka kwenye matairi. Hiyo koni iko wazi ndani ya boneti, na nyingi ninazoziona ni za bei rahisi, zinapitisha vumbi laini. Unalijua vumbi letu la Septemba na Oktoba, lile jekundu linaloingia hadi kwenye kabati lililofungwa. Likiingia kwenye silinda linasaga ringi za pistoni kama msasa. Nimefungua injini za namna hiyo nikakuta kuta za silinda zina michirizi unayoihisi kwa ukucha. Gari linaunguruma vizuri, mwenye nalo anafurahi, na huku ndani linakwisha.

Kushushwa ndiyo kabisa. Muulize dalali kama wameweka springi fupi za kazi hiyo au wamekata za zamani kwa gurudumu la kukatia chuma. Atasita. Springi iliyokatwa inaua shokapu, bushi na boljointi, na kwenye rafu rodi ya Ng'ong'ona utalaza sampu ya oili juu ya jiwe siku ya kwanza. Rimu za inchi 18 zina tairi jembamba. Shimo moja tu, rimu imepinda.

Na kuhusu watu watatu wanaolisubiri gari: mwaka huu tu nimeshaletewa magari manne ya kukagua yaliyokuwa na watu watatu wanaoyasubiri. Mawili bado yanauzwa.

Hebu tuiangalie hiyo Celica ya mwalimu. Wenzako wakisema ni gari la kike waambie wapige hesabu. Altezza ya pistoni sita ina nguvu za farasi kama 160 na uzito wa kama kilo 1,350. Celica ya umbo lile la mwisho, lililotoka kiwandani kati ya 1999 na 2006, ikiwa na injini ya kawaida ya 1ZZ-FE ina farasi kama 145, lakini uzito wake ni kama kilo 1,100 na kidogo. Gawanya mwenyewe. Kila farasi wa Altezza anavuta kilo zaidi ya 8, wa Celica hafiki 8. Tena yako ni ya gia za mkono, na ile Altezza ni otomatiki ya zamani inayofikiri kwanza ndipo ibadilishe. Celica hiyo ikiwa nzima itaiacha.

Angalia kishikio cha gia. Gia tano maana yake ni 1ZZ-FE. Ukikuta gia sita, huenda hiyo ni 2ZZ-GE yenye farasi 190, na hapo nipigie kabla ya kufanya chochote, maana ni gari jingine kabisa na huwa limekimbizwa sana. Naamini ni gia tano. Uzuri wa 1ZZ ni kwamba ndiyo injini iliyomo kwenye Wish ya 1.8 na Allion na Premio za 1.8 za kwanza. Spea zake hazina shida, hata zisipopatikana hapa mjini unaagiza Ilala asubuhi na kesho yake ziko stendi. Halafu inatumia mnyororo wa taimingi, si mkanda.

Lakini injini hii ina ugonjwa wake na lazima uujue. Zile za mwanzo, kabla ya 2002 hivi, pistoni zake zilikuwa na vitundu vidogo vya kurudishia oili. Vinaziba, ringi zinaganda, na injini inaanza kula oili. Baadaye Toyota walibadilisha pistoni. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, uusome. Kisha muulize mwalimu swali moja kwa upole: "Mwalimu, kati ya sevisi na sevisi huwa unaongeza oili kiasi gani?" Akisema haongezi kabisa, chomoa kijiti cha oili uone kama kiko kwenye alama. Akisema anaongeza nusu lita, huyo ni mkweli na gari linavumilika. Zaidi ya lita moja kila kilometa 1,000, liache hata akikupunguzia.

Nenda alfajiri. Mwambie tangu jana yake kwamba ungependa kuliwasha mwenyewe likiwa baridi. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, amelitangulia, na ujiulize kwa nini. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa balbu ili isiseme ukweli. Likishawaka, rafiki yako asimame nyuma aangalie ekzosi. Moshi wa bluu ni oili. Mvuke mweupe wa asubuhi usikutishe, lakini mweupe mzito usiokoma huku maji ya rejeta yakipungua ni gasketi ya silinda hedi. Pitisha kidole ndani ya ncha ya ekzosi. Masizi makavu ni sawa, ute mweusi wa mafuta si sawa.

Barabarani, toka Area D uelekee Ihumwa. Ukiwa gia ya tatu kwenye kilometa 40 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini. Mzunguko wa injini ukipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha. Sikiliza gia ya pili unapoingiza haraka. Ikikwaruza, vyuma vya ndani vimelika. Kwenye matuta sikiliza mbele: "kok, kok" ni boljointi au bushi za stabilaiza, hizo ni ndogo, lakini ziingize kwenye kupunguza bei. Kisha simama, zungusha usukani hadi mwisho na uende polepole kwa duara. Mlio wa "tra-tra-tra" ni sivijointi, viungo vya ekseli vinavyozungusha matairi ya mbele.

Bodi uikague kwa sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Isiposhika mahali, chini ya rangi kuna puti. Rangi iliyopauka ya Celica hiyo mimi inanifariji, kwa sababu jua la Dodoma hupausha nyekundu yoyote na anayetaka kuficha ajali hupiga rangi mpya. Kwenye matairi tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT. Ikiwa 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hata likiwa na kashata nzuri, hilo ni gumu kama kwato, na mvua ya kwanza ya Desemba ikichanganyika na vumbi na oili iliyomwagika barabarani halitashika. Hapa nakusihi kama mzazi. Matairi usiyaahirishe.

Fedha zako nimezipanga hivi. Milioni 5.2 kwa gari, ingawa kwa boljointi na matairi unaweza kumshusha hadi 5. Bima ndogo ni 118,000. Uhamisho wa umiliki na wakili tenga 250,000. Matairi manne tenga laki 6. Oili, plagi, filta zote na maji ya rejeta, 250,000. Hapo bado una zaidi ya laki 5, na hizo usizinunulie redio. Ziache benki. Bima ndogo hailipi gari lako ukiligonga mwenyewe, na bima kubwa kwa kipato chako sasa haiwezekani, kwa hiyo laki 5 hizo ndizo bima yako kubwa.

Makaratasi yanahitaji uangalifu uleule. Jina kwenye kadi halisi liwe la mwalimu mwenyewe, lifanane na kitambulisho chake cha taifa. Magari mengi ya namba C yamepita mikono mitatu, na kadi bado iko kwa jina la mtu wa kwanza aliyehamia mkoa mwingine. Namba ya chasesi isome kwenye gari, si kwenye picha ya simu. Angalia deni la faini za polisi kwa namba ya gari, kila kosa ni 30,000 na yakiwa kumi na mawili unaona mwenyewe, kisha na deni la maegesho la TARURA. Mkataba mbele ya wakili, wote wawili mkiwa na TIN, na malipo yapite benki. Kadi akikwambia "iko kwa mtu, nitakuletea wiki ijayo", rudi nyumbani. Mara nyingi huyo mtu ni mkopeshaji.

Siku ya kukagua nipitishie Kizota, nitalipandisha jeki nione chini. Sitakutoza.

SWALI

Mama Fundi, habari za kazi. Niko Chuo cha Mipango. Je, si bora kuagiza Celica au Altezza moja kwa moja Japani? Nimeona bei kule ni ndogo sana kuliko hapa.

JIBU

Bei ya kule ni ya kule. Likifika bandarini, TRA wana makadirio yao ya thamani, hawaangalii tu risiti yako. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na kwa gari lililozidi miaka 10 unaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Altezza ya mwisho ilitengenezwa 2005 na Celica ya mwisho 2006, kwa hiyo hakuna hata moja itakayokwepa hiyo. Mwisho kabisa inakuja VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo yote. Ukikokotoa, kodi inakaribia kulingana na thamani yenyewe ya gari, na bado kuna tozo ndogo ndogo na gharama za bandari na wakala. Kwa bajeti ya mwanafunzi nunua lililokwisha kulipiwa.

SWALI

Mama, mdogo wangu yuko chuo, amepata Mazda RX-8 kwa bei ambayo hata Vitz huipati. Kwenye kadi injini ni ya 1.3 tu, anasema itakunywa kidogo. Tumchangie? Dada mtu, Manyoni.

JIBU

Msimchangie. Hiyo 1.3 haina pistoni. Ni injini ya rota, kipande cha pembetatu kinachozunguka, na kwa maumbile yake inadunga oili ndani ya chumba cha moto ili kulainisha sili za ncha. Kula oili kwake si ugonjwa, ndivyo ilivyoundwa, na mwenye nayo lazima apime kijiti kila anapojaza mafuta. Petroli inakunywa kama gari la injini kubwa mara mbili yake. Sili zikichoka inakosa mgandamizo, inakataa kuwaka ikiwa ya moto, na hapo ndipo huwa zinauzwa kwa bei ya Vitz. Mwambie awe amelizungusha hadi lipate moto, alizime, asubiri dakika kumi, aliwashe tena mbele ya muuzaji. Jibu atalipata palepale.